Kitanda Namba Nne na Mguu wa Mama Mkwe

Niliamini, kwa moyo wangu wote na akili zangu timamu, kwamba kitanda cha chuma hunywa damu ya mtu anayekilalia. Sikuwa peke yangu. Ufipa nzima, kuanzia mteremko wa kushukia Ziwa Rukwa mpaka ule wa kushukia Tanganyika, ilikuwa na watu wazima wenye wake na ng'ombe walioapa kwamba vitanda vya hospitali viliyeyushwa kutoka kwenye bunduki za vita ya Mjerumani, na kwamba chuma kikishaonja damu hakiachi, kama fisi aliyeonja mbuzi. Na sisi si watu wa kudanganywa kuhusu chuma. Babu zetu walikiyeyusha wenyewe kwenye matanuru ya udongo marefu kuliko nyumba, wakafua majembe yaliyolima nusu ya nchi. Mfipa akikwambia chuma kina tabia, nyamaza usikilize.

Ushahidi nilikuwa nao nyumbani. Shangazi yangu alilazwa kwa homa, akarudi homa imekwisha lakini mgongo wake una alama nyekundu zilizopangana kama mbegu kwenye tuta. "Kilikuwa kinaninyonya," alisema. "Nikigeuka, nacho kinageuka." Nilikuwa mdogo. Maneno yale yaliingia masikioni, yakajenga nyumba na kuezeka bati.

Sasa fikiria kijana mwenye imani hiyo anaajiriwa kazi ya kutandika vitanda.

Siku yangu ya kwanza wodini pale Sumbawanga ilikuwa mwezi wa sita, wakati baridi yetu inauma mpaka maji ya kunawa unayaomba ruhusa. Nilivaa kaptula ya kaki na shati nililonyoosha kwa kulilalia. Cheo changu kilikuwa mhudumu wa wodi, yaani mtu wa kufagia, kubeba maji, kumwaga vyungu vya haja na kutandika. Mkuu wetu alikuwa Metroni, muuguzi msimamizi, mama mnene, mfupi, mwenye sauti ya kuweza kusimamisha lori la mahindi. Alinionyesha kitanda, akanipa shuka mbili na blanketi.

Nilikisogelea. Nikakigusa kwa ncha za vidole, nikarudi nyuma kidogo, nikakigusa tena.

"Wewe kijana," alisema Metroni, "unakiposa au unakitandika?"

"Nakitandika, Metroni."

"Basi kishike. Hakina haya hicho."

Wagonjwa walicheka, na mmoja aliyekuwa na mshono tumboni akaomba nisichekeshe tena. Nilikishika. Siku ile nilijifunza kukunja pembe ya shuka kwa namna ambayo mgonjwa akigaagaa kama kambale, shuka haichomoki. Nasema bila kujisifu, ingawa najisifu, kwamba pembe zangu zilikuja kujulikana mpaka wodi ya wazazi. Shuka yenye mkunjo humsugua mgonjwa wa muda mrefu, ngozi ikachubuka, kidonda kikaanza mgongoni au kiunoni bila mtu kujua. Ndiyo maana tuliwageuza wagonjwa wasiojiweza, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayechoma mahindi. Jambo hilo halihitaji dawa wala shahada. Ukiwa na mgonjwa wa kulala nyumbani, mnyooshee shuka na umgeuze.

Metroni alikuwa na msemo wake: "Dawa inafanya kazi mchana, usingizi unafanya kazi usiku. Anayewaamsha wagonjwa wangu anamfukuza mfanyakazi." Basi tulivaa viatu vya raba, tulifunga vitasa vya milango kwa vitambaa visigonge, na aliyeangusha ndoo saa za kulala alijutia kuzaliwa.

Kila Jumamosi, Metroni alikuwa na ada nyingine. Vitanda vyote kumi na vinane vilitolewa nje, vikapinduliwa miguu juu kama mbuzi wanaosubiri kisu, naye mwenyewe akapita na birika la maji yanayochemka, anamimina kwenye viungo vya chuma na ndani ya mabomba ya miguu. Hakuwahi kutueleza kwa nini, nami sikuwahi kuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari: alikuwa anavinywesha. Kitanda kilichonyweshwa maji ya moto Jumamosi hakina kiu ya damu wiki nzima. Na kweli, vitanda vya Metroni havikumnyonya mtu. Nilimheshimu maradufu, nikamwona mama aliyefuga chui kumi na wanane.

Jioni nilisoma. Hizo zilikuwa enzi za elimu ya watu wazima, na darasa letu lilikuwa na makarani, askari jela, mama wawili wauza vitumbua, na mzee mmoja aliyetaka kusoma ili ahakikishe kama mkwewe alikuwa anamsomea barua zilivyoandikwa. Nilimaliza darasa la saba nikiwa na ndevu. Baada ya hapo nilijibu maswali ya mtihani wa udresa kwa namna ambayo mtahini, naamini, alilazimika kukaa chini. Nikapelekwa kozi fupi, nikarudi dresa.

Dresa, kwa mliozaliwa baadaye, ni mtu wa kusafisha na kufunga vidonda. Vyombo vyake ni koleo dogo la kushikia pamba, gozi, bendeji, mkasi, na ile dawa ya zambarau tuliyoiita jivii, ambayo ilipaka kidonda, mgonjwa, dresa, na baada ya miaka michache, ukuta. Nimefunga vidonda ambavyo ukivipanga mstari vingefika Kasanga, vikapanda boti na kuvuka mpaka Kongo. Nilichojifunza ni kifupi. Kidonda kidogo kinataka maji safi mengi na sabuni kabla ya kitu kingine chochote. Osha mpaka mchanga uishe, kausha, funga kwa kitambaa safi, kisha uache kukichungulia kama chungu cha maharage. Usikiwekee kinyesi cha ng'ombe, wala unga wa betri, wala tumbaku aliyotafuna babu. Na ukichomwa na msumari mguuni, hata kama tundu ni dogo kama jicho la sisimizi, nenda ukachomwe sindano ya pepopunda. Tundu dogo lenye kina ndilo la kuogopa.

Kituo changu cha pili kilikuwa Kirando, ziwani. Kule mtu wa nyanda za juu anayeyuka. Nilitoka kwenye blanketi mbili nikaingia kwenye joto ambalo hata dagaa walikauka kabla hawajaanikwa. Wavuvi waliungua mikono kwa taa zao za karabai, na kila aliyeungua alikuja amepakwa kitu: dawa ya meno, majani ya chai, mafuta ya samaki. Mmoja alikuja amepakwa unga, nikamwambia, "Wewe umebaki kukaangwa tu." Mganga wa pale, bwana mpole asiyependa maneno mengi, alinifundisha kwa neno moja. Kila aliyeungua akiingia, alisema, "Maji." Si barafu, si mafuta. Maji safi ya kawaida yakitiririka kwenye sehemu iliyoungua, muda mrefu mpaka mgonjwa anachoka kusimama. Lengelenge usilipasue. Basi.

Kirando watu walilala kwenye mikeka, nje, upepo ukiwapuliza, na hawakunyonywa na kitu isipokuwa mbu. Nikaliandika hilo kichwani kama ushahidi mwingine. Hakuna chuma, hakuna kunyonywa.

Kisha nikahamishiwa juu tena, kwenye kijiji kimoja cha ujamaa ambacho sitakitaja kwa kuwa wenyewe bado wapo na wana maneno. Watu walikuwa wamehamia karibuni, nyumba zimepangwa mistari, na zahanati ilikuwa mpya, tofali bado zina rangi. Ilikuwa na chumba kimoja cha kupumzishia wagonjwa, chenye vitanda vinne. Vitatu vilikuwa vya mbao na kamba, kazi ya fundi wa kijiji. Cha nne kilikuwa cha chuma. Kilikuja juu ya lori, kimetumika mahali pengine, rangi nyeupe imebanduka, kikapewa nafasi ya heshima chini ya dirisha. Nilikiona, nikakijua. Nacho, naapa, kilinijua.

Mkuu wangu pale alikuwa Mganga Msaidizi, mtu wa Mbeya, mrefu, Mkristo wa kuimba asubuhi, mwenye imani kubwa na vitu vipya. Tulimwita Bwana Mganga. Kwake kile kitanda kilikuwa maendeleo. Mgonjwa aliyestahili heshima alilazwa namba nne.

Na kila aliyelazwa namba nne, asubuhi tulimkuta chini sakafuni, amejikunyata kwenye blanketi, ana alama nyekundu zilizopangana.

"Viroboto," alisema Bwana Mganga. "Watu wanakuja na mbwa wao." Tukafukiza sakafu. Alama zikabaki. Mimi nilichemsha shuka, nikaanika godoro juani, nikalikagua mshono kwa mshono nikitafuta kunguni, kwa sababu dresa ni mtu wa sayansi. Sikukuta hata mmoja. Vile vitanda vya mbao na kamba, ambavyo kila mtu anajua ndivyo nyumba ya kunguni, tulivipitishia moto wa nyasi kila mara. Chuma hakina ufa, hakina uzi, hakina pa kumficha mdudu. Hilo alikubali hata Bwana Mganga. Basi niambie wewe, kama si mdudu ni nini?

Nilijipa moyo nikamweleza habari za bunduki za Mjerumani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu. Kisha akasema, "Dresa, kinakunywa kwa mdomo upi?"

"Bwana Mganga, ardhi inakunywa mvua kwa mdomo upi?"

Alifikiri. Akasema niende nikafunge vidonda.

Hapo ndipo mama mkwe alipojikata na jembe.

Mke wangu, Anastazia, alitoka kijiji cha pili, ng'ambo ya mto, kwa watu wanaolima ulezi na kusali rozari kwa bidii ileile. Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, asiyeugua. Alipojikata kwenye muundi wakati wa palizi, alifunga jani, akaendelea kulima. Alipoletwa kwetu kidonda kilikuwa kimezama, kina usaha, na kingo zake zimevimba. Bwana Mganga alikitazama, uso ukabadilika.

"Huyu analala hapa," alisema. "Kidonda kinasafishwa kila siku, sindano kila siku, mguu juu ya mto. Akitembea kwenda na kurudi hakitafunga. Dresa, ni kazi yako."

"Bwana Mganga, huyu ni mama mkwe wangu."

"Vizuri, atapata huduma ya ndani."

Ilibidi nimweleze. Kwa desturi tuliyolelewa nayo, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani ana kwa ana, hawapishani njiani. Ukimwona anakuja, unaingia mahindini. Yeye naye anaingia mahindini upande wake, na nyote wawili mnasubiri mwenzenu apite, hata jua lizame. Bwana Mganga alicheka. "Kwetu ni mke na baba mkwe," alisema. "Mke wangu akisikia kikohozi cha baba yangu anaruka ukuta. Lakini kidonda hakijui desturi. Tafuta njia."

Njia ilikuwa kitenge. Tulifunga kamba, tukatundika kitenge katikati ya chumba. Upande mmoja mama mkwe, kwenye kitanda namba nne, kwa sababu Bwana Mganga alisema mkwe wa mtumishi hawezi kupewa cha kamba. Upande wa pili mimi, kwenye kigoda, nimeinamisha kichwa. Chini ya kitenge unatoka mguu, mguu peke yake, kama umekuja zahanati bila mwenyewe. Na kati yetu, amesimama Anastazia, akibeba maneno.

"Mwambie mama nitamwaga maji ya chumvi, yatauma."

"Mama, anasema yatauma."

"Mwambie nimezaa watoto saba."

"Anasema amezaa watoto saba."

"Nimesikia. Mwambie akunje vidole."

"Mama, anasema ukunje vidole."

"Mwambie vimekunjwa muda wote, haoni?"

"Anasema vimekunjwa."

"Mwambie naona, ila siruhusiwi kuona."

Anastazia alicheka, mguu nao ukatikisika, nikajua mama mkwe anacheka upande wa pili. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mwenye pumu, alisema hajawahi kupata tiba nzuri kama ile, na wala hakuwa ametibiwa yeye.

Lakini nilipokuwa nafunga bendeji, nilitazama miguu ya kile kitanda. Damu ya mama mkwe ilikuwa kidogo tayari.

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili asubuhi Anastazia alirudi nyumbani kutoka zahanati uso umemshuka.

"Mama ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Kwake. Amekumbuka kuku wake."

"Kuku gani? Kuku wake si wako kwa dada yako?"

"Ndio hao amewakumbuka," alisema Anastazia, akajitia kupepeta ulezi ambao ulikuwa umepepetwa jana.

Mwanamke aliyezaa watoto saba alikuwa ametembea na fimbo, kidonda kikiwa wazi, ng'ambo ya mto, kwa sababu ya kuku. Nikaelewa papo hapo. Kitanda kilikuwa kimemnyonya, naye kwa adabu zake hakutaka kusema. Nilikwenda kukitazama. Kilikaa pale chini ya dirisha, kimetulia kama mtu aliyeshiba.

Wiki ile tulituma dawa na gozi kwa mkono wa Anastazia, naye akarudi kila mara na habari mbaya zaidi. Kidonda kinanuka. Mguu umevimba mpaka goti. Mama hali chakula. Bwana Mganga akaniita chumbani kwake, akafunga mlango.

"Dresa, nakwambia kama mwanafamilia. Mguu ule ukiendelea hivyo utapelekwa mjini, na mjini watauangalia, na wanaweza kuukata. Mimi siwezi kumfunga mtu kamba kitandani. Arudi, alale hapa, mguu uinuliwe, kidonda kisafishwe kila siku, tutauokoa. Asiporudi, sijui. Nenda wewe mwenyewe ukamwombe."

"Mimi?"

"Wewe. Nasikia unajua kusema."

Hapa niwaombe radhi nipumzike kidogo, maana hata leo habari hii hunipandisha moyo, na moyo wa mstaafu si wa kuchezea.

Nimestaafu siku nyingi. Nakaa Izia, pembeni ya Sumbawanga, kule ambako mji unaishia kwenye mahindi, na nina kiti changu barazani ambacho majirani wanakiita zahanati. Wanakuja vijana, "Shikamoo mzee," "Marahaba," na baada ya marahaba, ugonjwa. Wengi siku hizi hawana kidonda. Hawapati usingizi. Enzi zetu mtu alilima, akala ugali wa ulezi, akaanguka kama gogo, tukamwamsha kwa kumwagia maji. Leo kijana ana godoro nene kama keki ya harusi na anatazama dari mpaka jogoo awike.

Nawaambia alichoniambia Metroni na nilichojionea. Lala muda uleule na uamke muda uleule, hata siku ambayo huna kazi; mwili ni kama ng'ombe, unajua njia ya zizi usipoubadilishia. Chai nzito ya jioni iache. Kimpumu nacho, ile pombe yetu ya ulezi, najua mtanichukia, kinakulaza haraka na kukuamsha mapema ukiwa na kiu na majuto. Miguu ikiwa baridi usingizi hauji, na hapa kwetu miguu ina baridi miezi yote: ioshe kwa maji ya vuguvugu, ivalishe soksi. Ukilala ukashindwa, usigombane na kitanda. Inuka, keti, fanya jambo la kuchosha, rudi ukisinzia. Na jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala kwa sababu yoyote ile. Watu wa huku tunapenda kulala nalo mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Hewa yake haina harufu wala rangi, unaamka na kichwa kizito, au huamki. Toa jiko, ongeza blanketi.

Na kama usingizi umekukimbia wiki nyingi, au unakoroma kwa kukatika pumzi, au kidonda hakifungi, usinijie mimi. Mimi ni mzee mwenye kiti. Nenda kwa mganga mwenye vipimo.

Kisha huwa nawapa la mwisho, na ndilo wanalolisahau wakifika getini: ukimwona mkubwa wako wa kazi anafanya jambo lilelile kila Jumamosi, muulize kwa nini. Usijijibu mwenyewe. Mimi kujijibu kulikaribia kugharimu mguu wa mtu.

Basi nikapanda baiskeli ya zahanati, Anastazia nyuma, tukavuka mto. Kabla ya kuondoka nilifanya kazi kubwa. Nilikata magogo manne, nikakiinua kitanda namba nne juu yake, ili chuma kisiguse ardhi na damu isipate pa kushukia. Nilijiona nimevumbua reli. Njia nzima nilimsimulia Anastazia nyuma yangu, naye alinyamaza kimya kisicho cha kawaida, maana mke wangu alikuwa na majibu mengi kuliko redio.

"Mbona husemi?"

"Tazama njia," alisema. "Kuna shimo."

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa na baraza fupi na dirisha dogo lisilo na kioo. Yeye alikuwa ndani, amelala kwenye mkeka. Mimi nilikalishwa barazani, mgongo kwenye ukuta, nimetazama shamba. Hata pale nje niliisikia harufu ya kile kidonda. Kwa dresa, harufu ni kama saa ya ukutani, na hii ilisema muda umebaki mdogo. Anastazia alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

Nilisema. Bwana Mganga hakukosea, najua kusema. Nilianza na salamu, nikaja kwenye mguu, nikaeleza kisu cha mjini bila kukipunguza makali. Nikasema najua kilichomfukuza, na kwamba asione haya, hata shangazi yangu kilimnyonya. Nikaeleza bunduki za Mjerumani. Nikaeleza magogo manne. Nikasema chuma kile sasa kiko hewani, hakina pa kupeleka damu, alale kwa amani, na ikibidi mimi mwenyewe nitakilalia kwanza mbele ya mashahidi.

Kuku wakapita, wanene, hawana shida yoyote.

Kisha nikasikia mnong'ono ndani, mfupi.

"Mama anasemaje?" niliuliza.

"Anasema," alisema Anastazia, "anashukuru. Ila kuna kuku."

Mnong'ono ukarudi, mrefu zaidi, na mkali.

"Anasema nini sasa?"

"Anasema kuku ni wengi."

"Anastazia, mwambie mama, namwomba kwa magoti, mguu wake na kuku kipi bora?"

Nilitazama pembeni kidogo, kiasi desturi inachoruhusu, nikaona Anastazia ameuma ncha ya kitenge chake na machozi yanamtoka, sikujua kama ni kicheko au kilio. Ndani mkeka ulikwaruza sakafu. Fimbo ikagonga ukuta. Mtu alikuwa anajiburuta kuja dirishani, mguu mmoja, pumzi moja moja, mpaka sauti ikatokea juu ya kichwa changu, karibu kabisa, sauti ambayo tangu nioe nilikuwa sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu.

"Mkwe."

Niligeuzia uso shambani kabisa. "Naam, mama."

"Nisamehe, nitasema nawe mwenyewe, maana huyu mwanangu ananifasiria uongo. Chuma hakinywi damu. Ni kunguni. Wanakaa ndani ya mabomba ya miguu ya kitanda, mtu akishapata joto wanatoka, akiinuka wanarudi. Nilimwambia huyu tangu asubuhi ile, akaona aibu kukwambia kwamba mama yake ameumwa na kunguni kwenye kazi yako. Chemsheni maji, mmimine humo ndani ya mabomba, mpaka yatokee chini. Mkimaliza, nileteeni hiyo baiskeli. Nitakuja kulala."